Kiwiko cha Babu

"Mtandikie mkeka hapo," yule dada aliyekuja kumpima mwanangu aliniambia. "Apige magoti, aweke na mikono chini, kama ng'ombe."

Mwanangu akacheka, akafanya. Tunamwita Babu kwa sababu ana jina la marehemu baba yangu, na mimi siwezi kumgombeza mtoto kwa jina la mzazi wangu. Alikuwa na miaka tisa, yuko darasa la tatu, na kusoma hajui. Dada akapiga goti mbele yake, akamshika kichwa kwa viganja viwili, akakigeuza taratibu kulia mpaka kidevu kikakaribia bega, akakiacha hapo kidogo. Kiwiko cha kushoto kikakunjika. Hakikukunjika sana, kililegea tu kama mkono uliochoka kushika ndoo. Akakirudisha kichwa katikati, akageuza kushoto. Kiwiko cha kulia nacho kikalegea.

"Umeona, Mama Babu? Huyu bado ana mwili wa mtoto mchanga."

Nilishikwa na kwikwi. Kwa miaka mitatu mwalimu alikuwa ananiambia mtoto mvivu, wifi yangu anasema kachezewa, baba yake, dereva wa lori, kila akirudi safari anauliza "vipi, bado?" kama anayeuliza habari za mgonjwa. Huyu alikuwa mtu wa kwanza kunionyesha kitu kwa macho. Angeniomba cherehani yangu siku ile, ningempa.

Alichonionyesha kila mama anakijua, ila hajui jina lake. Mlaze mtoto wa miezi miwili chali, mwangalie akigeuza shingo. Mkono wa upande anaoutazama unanyooka, ule wa kisogoni unakunjika karibu na sikio, kama mtu anayevuta upinde. Hajaamua kufanya hivyo, shingo ndiyo inayoamrisha. Wataalamu huita mambo haya rifleksi, yaani mwitikio wa mwili usiongoja akili itoe ruhusa. Ziko nyingi. Ukimgusa shavu anageuza mdomo kutafuta ziwa. Ukimtia kidole kiganjani anakibana mpaka unashangaa nguvu hizo kazipata wapi. Zinakuja na mtoto, zinamsaidia kuanza maisha, kisha ubongo unavyokomaa unazifunika moja baada ya nyingine. Ile ya shingo na mikono kwa kawaida imeshafifia kufikia mwezi wa sita, na hapo ndipo mtoto anapoweza kutazama kitu huku anakileta mdomoni.

Inayotutia hofu sisi wa Tanga, na naamini pwani nzima, ni ile ya kushtuka. Babu alipokuwa mchanga alikuwa akishtuka mlango ukibamizwa: mikono inaruka pembeni, vidole vinatanuka, kisha anajikumbatia na kulia. Mama yangu akamfunga kamba nyeusi mkononi. Wiki ya sita nikampeleka kliniki nayo ileile. Nesi akamshika mgongo na kichwa, akakiachia kichwa kishuke kidogo juu ya kiganja chake, mtoto akaruka mikono, nami nikaruka kutoka kwenye benchi. Nesi yule hakuicheka kamba. Alisema, "Huu mshtuko ndio tunaoutafuta, mama. Asiposhtuka kabisa, au mkono mmoja ukiruka na mwingine ukalala, hapo ndipo tunaitana." Mkono mmoja ukibaki nyuma huenda mshipa wa fahamu wa begani uliumia wakati wa kuzaliwa, au mtulinga umevunjika. Baadaye sana nikajua mshtuko huo una jina la daktari wa watoto, Ernst Moro, aliyeueleza mwaka 1918 akiwa Heidelberg, Ujerumani. Kwa kawaida hupotea kati ya mwezi wa nne na wa sita.

Hapa niseme jambo ambalo si la Babu. Jirani yangu alikuwa na mtoto wa miezi mitano ambaye kila akiamka alikuwa akiinama ghafla na kurusha mikono, anatulia, anainama tena, mara saba, mara nane, pasipo mlango uliobamizwa wala sauti yoyote. Watu wote, mimi nikiwemo, tulisema anashtuka tu. Haikuwa kushtuka. Mshtuko wa kawaida una sababu na huja mara moja. Ule wa mfululizo, hasa mtoto anapoamka, na hasa kama ameacha kutabasamu au kukaza shingo alivyokuwa akikaza, huenda ni aina ya kifafa cha watoto wachanga, na siku zinavyopita bila dawa ubongo unaumia. Alipelekwa, lakini kwa kuchelewa. Ukiona hivyo rekodi kwa simu, peleka hospitali siku hiyohiyo. Daktari akiona ile video anaelewa kuliko ukimsimulia nusu saa.

Narudi kwa yule dada. Alikuwa amesoma kozi kwa mtandao, anakuja kutoka Dar mara moja kwa mwezi, anakodi chumba, anapima watoto. Maelezo yake yalikuwa yamenyooka kama mshono wa rula: rifleksi za uchanga zisipofunikwa vizuri zinabaki chini kwa chini, mtoto akigeuza kichwa kufuata mstari wa kitabu mkono nao unataka kwenda, nguvu zote zinaishia kupigana na mwili wake, za kusoma hazibaki. Dawa yake ni kuurudisha mwili uchangani, afanye upya miondoko ya mtoto mchanga, polepole, kila siku, kwa mwaka mzima, mpaka ubongo umalize kazi iliyobaki. Alinitajia Peter Blythe, aliyeanzisha taasisi ya mambo haya Chester, Uingereza, mwaka 1975, na Harald Blomberg, daktari wa akili wa Sweden aliyesambaza mazoezi ya kujitikisa kwa mdundo.

Kisha akauliza, "Alitambaa?"

Hakutambaa. Tulimnunulia kile kigari cha kutembelea chenye magurudumu, akawa anazunguka nacho kibarazani kama askari wa doria, akapita moja kwa moja hadi kusimama dede. Dada akatikisa kichwa. Usiku ule sikulala. Kumbe mimi na kigari changu cha plastiki ndio tuliomnyima mwanangu kusoma.

Tukaanza. Kila baada ya isha nilisogeza meza ya kukatia, natandika mkeka kati ya cherehani mbili, na Babu anajilaza. Mazoezi tuliyapa majina yetu wenyewe. Zoezi la jongoo: anajikunja mikono na miguu, anafunguka kwa mwendo wa kuhesabu mpaka kumi, anajikunja tena. Zoezi la mjusi: analala kifudifudi, kichwa kikigeuka kulia mkono wa kulia na goti la kulia vinapanda, halafu upande wa pili. La kujitikisa alilipenda kuliko yote, na mara nyingi alisinzia humohumo. Dakika kumi, kumi na tano. Hela zilikuwa zinauma, sitaficha. Kila alipokuja dada, magauni mawili ya kushona yalikuwa yamekwenda na yeye.

Jambo moja nilifanya ambalo hakuna aliyeniagiza. Fundi lazima uwe na daftari la vipimo, ukitegemea kichwa utakata kitambaa cha watu vibaya. Basi nyuma ya daftari langu la wateja nikawa namwandika Babu. Kila Ijumaa: anasimama mguu mmoja sekunde ngapi, anadondoka kwenye kiti mara ngapi akila, na anasoma maneno mangapi sawa katika kumi yaleyale niliyokuwa nimeyaandika kwa chaki kwenye ubao wa kukatia.

Baada ya karibu miezi saba nikakaa nikasoma daftari. Mguu mmoja: alianza na sekunde nne, sasa ishirini. Kudondoka kwenye kiti kumekwisha. Kulala, analala mapema. Hasira zimepungua. Maneno: mawili katika kumi. Mwanzo yalikuwa mawili. Na neno la kwanza kwenye ubao, "baba", bado alikuwa analisoma "dada", tena kwa kujiamini.

Nilimwambia dada. Akasema mwaka haujaisha.

Siku chache baadaye mpwa wangu wa kike alikuja likizo. Ana miaka kumi, wa kwanza darasani kwao tangu aanze shule, anasoma magazeti ya kufungia vitumbua. Wakawa wanacheza kwenye mkeka, nami shetani akanigusa. Nikamwambia, hebu kaa kama ng'ombe. Nikamgeuza kichwa kama nilivyoona kinageuzwa. Kiwiko chake kikakunjika. Nikarudia. Kikakunjika tena, na pengine kuliko cha Babu.

Nilibaki nimepiga magoti pale, mtoto ananiuliza, "Shangazi, nimefaulu?"

Basi nikaenda hospitali, jambo ambalo ningelifanya tangu mwanzo. Nikapewa rufaa hadi kwa mtoa tiba kwa vitendo, yaani anayemsaidia mtu kuweza kazi za kila siku kama kula na kuvaa, kijana aliyesomea hospitali ya KCMC kule Moshi. Chumbani kwake kulikuwa na mtoto wa miaka minne mwenye mtindio wa ubongo, mama yake amempakata. Kijana akaniomba ningoje, nami nikatazama. Alimpa mtoto kijiko. Kila mtoto alipogeuka kukitazama, mkono wenye kijiko ulinyooka ukaenda mbali na mdomo. Akiangalia pembeni, mkono unarudi. Yaani asile kwa kutazama chakula chake. Ile rifleksi ya shingo niliyokuwa nikihangaika nayo usiku kucha, hapo niliiona yenyewe, imemtawala mtoto wa watu. Nikaona aibu kidogo.

"Hiyo ndiyo iliyobaki kweli," aliniambia baadaye. "Ya kwako ni kivuli tu. Watoto wengi wa shule wanacho hicho kivuli, wasomaji na wasiosoma."

Hakuwaponda watu wa mazoezi, na nilimheshimu kwa hilo. Alinisimulia utafiti wa Belfast, Ireland ya Kaskazini, uliotoka kwenye jarida la madaktari la Lancet mwaka 2000. Watoto 60 wenye shida ya kusoma, wa miaka 8 hadi 11, waligawanywa ishirini ishirini: wa kwanza wakafanya miondoko ya uchanga kwa mwaka, wa pili wakafanya miondoko mingine isiyo na maana hiyo, wa tatu hawakupewa kitu. Kundi la kwanza rifleksi ilipungua na kusoma kukapanda kuliko wenzao. "Kwa hiyo si uzushi," alisema. "Lakini watoto ishirini ni nusu ya basi." Kisha akanipa upande wa pili. Huko Philadelphia, Marekani, miaka ya 1960, Glenn Doman na Carl Delacato walikuwa na tiba yao: watu wazima kadhaa wanamshika mtoto kichwa, mikono na miguu, wanamtambaza kwa nguvu zao mara kadhaa kwa siku, wakiamini ubongo utajipanga upya. Familia zilimaliza akiba zao na majirani wakapangiwa zamu. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilitoa tamko mwaka 1982 kwamba tiba hiyo haina ubora wowote wa pekee, na mwaka 1999 kikalirudia.

Nikamuuliza kuhusu kigari. Hapo alicheka. Vigari ni vibaya, alisema, Canada walivipiga marufuku mwaka 2004, ila kwa sababu watoto wanaanguka navyo ngazini na kufikia vitu vya moto. Si kwa sababu ya kusoma. Watoto wengine huburura makalio, wengine hubiringika, wengine husimama tu wakaenda, na orodha ya hatua za ukuaji ya CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, ilipopitiwa upya mwaka 2022 kutambaa kuliondolewa kabisa. Mtoto mchanga alazwe kifudifudi akiwa macho, Shirika la Afya Duniani linasema angalau nusu saa kwa siku, kwa vipande vipande. Akilala usingizi, alale chali. Basi. Nilitoka na mzigo huo umeshuka mgongoni, niliubeba miezi saba.

Swali lake lililoniuma ni hili: "Mmempima macho na masikio?" Sikuwa nimempima. Babu utotoni alitoka usaha sikioni mara kwa mara, tulikuwa tunapangusa na pamba tu. Miezi saba namgeuza mtoto kama chapati mkekani, na sikuwa nimeuliza kama anasikia. Akapimwa: macho mazima, sikio moja limejaa nta, likasafishwa, anasikia vizuri.

Kisha kijana akamkalisha Babu, hakumpa kitabu. Akamwambia, "Sema makaa."

"Makaa."

"Sasa sema tena, ila usiseme *ma*."

Babu akamtazama. "Makaa."

"Kikombe bila *ki*?"

"Kikombe... chai?"

Nilitaka kucheka, nikaona uso wa kijana. Hakuwa anacheka. Aliniambia shida iko hapo. Kwa mwanangu neno lilikuwa donge moja, halina vipande. Mwenzake darasani anasikia ma na kaa, yeye anasikia kitu kimoja cheusi cha kupikia. Sasa umpe herufi, ambazo ni alama za vipande, atazipachika wapi? Jina la shida hiyo ni disleksia. Haihusiani na uvivu, wala na akili ndogo, na mara nyingi inatembea kwenye familia. Nilimkumbuka marehemu baba, fundi seremala hodari, aliyekuwa akisaini kwa dole gumba na kutwambia miwani kaisahau nyumbani. Hakuwa na miwani.

Kazi aliyotupa haikuwa na maajabu. Kupiga makofi kwa kila silabi. Kutoa kipande cha neno, kurudisha, kubadilisha. Halafu herufi, chache kwa wakati, kwa macho, kwa mdomo na kwa kidole. Mimi nikaona kidole ndicho changu. Nikachukua mabaki ya kitambaa kigumu cha kuwekea kola, nikashona juu yake silabi kwa uzi mnene, mshono wa kurudia, ba be bi bo bu, kila moja kipande chake. Babu akawa anapitisha kidole juu ya mshono huku anatamka. Ile b na d ilituchukua mwezi. Mtu mzima hawezi kuelewa ugumu wake mpaka aelezwe: kikombe ukikigeuza mkono wake kulia au kushoto kinabaki kikombe, mbuzi akitazama huku au kule ni mbuzi. Mtoto amejifunza hivyo tangu azaliwe. Ghafla anaambiwa kuna kitu kikigeuka kinakuwa kingine. Nikashona kifungo chekundu kwenye tumbo la kila b, na d nikaziacha bila kifungo.

Kiswahili chetu kilitusaidia. Irabu tano, hazibadiliki, na a ni a popote utakapoikuta. Kijana aliniambia watoto wa shida hii wanaosoma lugha zinazoandikwa zinavyotamkwa, kama Kiitaliano na Kifini, mwishowe husoma sawasawa ila polepole, wakati wa Kiingereza hukwama kwenye maneno yenyewe. Ndivyo ilivyokuwa. Kufikia mwezi wa tano wa silabi, daftari langu lilikuwa na nane katika kumi. Yaliyobaki ni yale yenye konsonanti zilizobebana: mbwa na nywele. Nywele tuliishona mara tatu, nyw nikaiweka kwenye kipande kimoja peke yake ili asianze kuihesabu herufi moja moja.

Shuleni nilikwenda na vipande vyangu kwenye mfuko wa rambo. Mwalimu ana watoto zaidi ya tisini, sikumlaumu kama nilivyokuwa nimepanga. Aliviangalia, akaniuliza kama naweza kumshonea seti. Nilimshonea. Babu aliacha kuchapwa kwa kutokusoma, akawa anachapwa kwa kuongea, hilo nikaliona maendeleo.

Kwa yule dada niliacha kwenda, nikamwambia kwa ustaarabu, hakufurahi. Mazoezi hatukuyaacha. Jongoo na mjusi bado tunafanya siku tatu nne kwa wiki, kwa sababu Babu anayapenda, analala vizuri baadaye, na ni dakika kumi ambazo simu yangu iko mbali na cherehani iko kimya. Ule usawa wa mwili sikatai kwamba yamechangia, ingawa umri nao unafanya kazi yake. Ninachokataa ni ile hesabu niliyouziwa, kwamba kiwiko kikinyooka kusoma kutakuja chenyewe. Kiwiko cha Babu mpaka leo kinakunjika. Nilimpima juzi.

Sasa yuko darasa la tano. Anasoma kwa mwendo wa kinyonga, kidole chini ya mstari, midomo inatembea, lakini anafika. Jumamosi ananisaidia kazini: mimi napima, yeye anaandika kwenye daftari. Wiki iliyopita alikuja mteja wa gauni la harusi, mwembamba kama unyasi. Alipoondoka nikatandaza kitambaa, nikafungua ukurasa kuangalia vipimo. Kifua 32, sawa. Urefu 56, sawa. Kiuno 62. Nikakiangalia kile kitambaa cha watu, nikaangalia mkasi, nikamwita. Akaja, akapitisha kidole kwenye tarakimu, akasema, "Aa, mama. Isome kwa nyuma." Nikaandika 26, nikakata.